Bango, slaidi, dakika tatu au meza: utafiti wako uupeleke wapi?

Fomu ya kushiriki mashindano ya utafiti chuoni huwa na kisanduku kimoja ambacho wanafunzi wengi hukijaza mbiombio: namna ya kuwasilisha. Muhtasari umekutoa jasho wiki nzima, msimamizi amekurudishia mpaka ukamchukia, mwishowe akasaini. Kisha unafika kwenye kisanduku hicho na kutia tiki kwenye "bango" kwa kuwa hutaki kusimama mbele za watu, au kwenye "wasilisho la mdomo" kwa kuwa mwenzako mnayekaa naye chumba kimoja ametia hapo. Hujaandika hata slaidi ya kwanza, na tayari umejipunguzia au umejiongezea nafasi ya kushinda.

Nimesimamia wanafunzi wanaoshiriki mashindano haya na nimekaa kwenye meza ya majaji pia. Ushauri wangu ni huu: usianze kwa kujiuliza kama unajua kuongea. Jiulize matokeo yako yanahitaji nini ili mtu asiyeyajua ayaamini. Yapo yanayoaminika yakitazamwa kwa utulivu, na yapo yanayotaka hoja ijengwe hatua kwa hatua. Machache hubebeka katika sentensi moja. Mengine hayaaminiki mpaka mtu aguse mwenyewe.

Ili tusiongee hewani, tuchukue utafiti mmoja na kuupitisha njia zote nne: bango, slaidi, mashindano ya dakika tatu na meza ya maonesho. Maji ya visima na chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, Tanzania, yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kabla ya kushusha kiwango chake. Watoto wanaokua wakinywa maji hayo hupata meno ya kahawia, na floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa nayo huharibika. Njia mojawapo ya kuipunguza ni kupitisha maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Tuseme wewe uko mwaka wa mwisho, umepima visima vya kata kadhaa za Arumeru, kisha umetengeneza chujio la ndoo lenye mkaa huo.

Bango

Hakuna njia inayoeleweka vibaya kama bango. Mwanafunzi mwenye haya hulikimbilia akidhani karatasi itamsemea. Ukweli ni kwamba mwenye bango huongea kuliko mshiriki yeyote mwingine. Mwenye slaidi anaongea mara moja, anapigiwa makofi, anakaa. Wewe unasimama kando ya ubao wako saa nzima au zaidi, na kila anayesimama unaanza upya: mhadhiri wa ndaki nyingine, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefuata kivuli, mgeni rasmi na msafara wake, na katikati yao majaji. Jaji mmoja anataka maelezo ya dakika moja. Mwingine anang'ang'ania grafu yako ya pili mpaka miguu inakuuma.

Kwa hiyo ichunguze haya yako kwanza. Kama unachoogopa ni ukumbi, yaani macho mengi kwa wakati mmoja, bango litakufaa sana, kwa sababu ni mazungumzo ya watu wawili watatu. Kama unachoogopa ni kuzungumza na mtu usiyemfahamu, bango litakutesa kuliko slaidi.

Upande wa matokeo, bango ni la vitu vinavyotaka jicho litulie: ramani, picha za darubini, mchoro wa mfumo, jedwali ambalo mtu atapenda kulirudia. Utafiti wetu wa floraidi una ramani. Kila kisima ni nukta, chini ya 1.5 ni buluu, juu ya hapo ni nyekundu. Jaji anaitazama, anakaribia, halafu anauliza mwenyewe: "Hiki chekundu hapa kiko karibu na shule?" Swali hilo amelileta yeye, hukumlazimisha. Kwenye slaidi ramani hiyohiyo ingekaa ukutani nusu dakika na kupita, na aliyeketi nyuma asingeziona nukta kabisa.

Sasa kazi ya mikono. Ukubwa unaotumika sana ni A0, milimita 841 kwa 1189. Wengi hutengeneza kwenye PowerPoint na hakuna ubaya, mradi uweke ukubwa wa ukurasa kabla hujaandika neno la kwanza. Ukitengeneza kwenye ukurasa wa kawaida kisha ukamwambia kijana wa steshenari aukuze, picha zitatoka na ukungu. Hifadhi kama PDF, kwa sababu kompyuta ya steshenari inaweza isiwe na fonti yako, na utashtuka kuona mistari imehama. Kabla ya kulipa, chapa nakala ya A4. Urefu wa A4 ni robo ya urefu wa A0, na upana vivyo hivyo, kwa hiyo herufi za ukubwa wa 24 huwa za 6. Kama nakala hiyo huwezi kuisoma ukiwa umeishika mkononi, hakuna jaji atakayelisoma bango lenyewe akiwa amesimama hatua mbili mbele yake. Epuka pia karatasi inayong'aa: ikipigwa na taa za ukumbi au mwanga wa dirisha, nusu ya maandishi inapotea.

Kosa linaloua mabango mengi ni kubandika tasnifu ukutani. Utangulizi aya tatu, mapitio ya maandiko aya nne, na matokeo yamebanwa kwenye kona ya chini kulia, pale ambapo mtu lazima apige magoti. Mwaka 2019 Mike Morrison, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani, alisambaza video akipendekeza mtindo mwingine: tokeo kuu liandikwe katikati kwa herufi kubwa na lugha nyepesi, maelezo ya kina yasogezwe pembeni, na iwekwe alama ya QR ya kupakulia makala nzima. Wapo walioushangilia na wapo waliosema unaficha data. Kwa mashindano ya chuo mimi ningechukua ile sentensi kubwa na kuacha mengine. Majaji wetu wanatembea na fomu yenye alama za mbinu na alama za matokeo, na hawawezi kukupa alama za grafu uliyoificha kwenye QR ilhali mtandao wa ukumbini unasuasua.

Slaidi

Wasilisho la slaidi kwa kawaida ni dakika kumi au kumi na tano, pamoja na maswali. Nguvu yake ni moja tu, lakini ni kubwa: mpangilio uko mikononi mwako. Mtazamaji wa bango anaweza kuanzia mwisho. Msikilizaji wa slaidi hawezi kuruka. Anafika pale ulipomfikisha.

Ndiyo maana slaidi zinafaa utafiti ambao tokeo lake halieleweki bila hatua zilizotangulia. Rudi kwenye chujio letu. Kusema linapunguza floraidi si habari mpya. Habari ni kwamba mkaa wa mifupa huchoka: unafika wakati umeshiba floraidi na maji yanapita kama yalivyoingia. Linachoka baada ya lita ngapi? Je, maji yakipita taratibu linadumu zaidi? Mama wa nyumbani asiye na kipimo atajuaje kwamba sasa abadilishe mkaa? Huo ni mnyororo. Slaidi ya kwanza inaonesha maji ya kisima, ya pili chujio, ya tatu vipimo vya siku za mwanzo vikiwa vizuri mno, na ya nne grafu inaanza kupanda tena. Ukumbi unaiona ikipanda pamoja nawe. Kwenye bango grafu hiyo ingeonekana yote kwa mkupuo, na mvuto wote ungeishia hapo.

Wanafunzi wa historia, sheria, lugha na falsafa nao waje huku. Nimeona mabango ya kazi za historia yaliyojaa maandishi kama gazeti la zamani, na kazi ilikuwa nzuri, masikini. Hoja ya kihistoria hujengwa kwa kuweka ushahidi juu ya ushahidi, na hiyo ni kazi ya mdomo. Kuna na suala la sauti. Mwanafunzi aliyerekodi wazee wa pwani ya Tanga wakizungumza Kimtang'ata, lahaja mojawapo ya Kiswahili, anaweza kucheza sekunde ishirini za rekodi kwenye slaidi, na ukumbi mzima ukasikia tofauti anayoieleza. Bango halina sauti, na dakika tatu, kama tutakavyoona, zinakataza.

Hatari ya kwanza ni utangulizi. Dakika kumi zinaonekana nyingi hadi uzitumie sita kueleza umuhimu wa maji safi kwa binadamu. Majaji wanajua umuhimu wa maji safi. Ikifika dakika ya nne na hujaonesha namba uliyoipima wewe mwenyewe, umechelewa.

Hatari ya pili ni maswali, na hapa ndipo slaidi na bango zinapoachana kweli. Swali lililokushinda kwenye bango amelisikia jaji mmoja. Anayefuata hana habari nalo, na unaweza kujirekebisha palepale. Kwenye slaidi jopo zima limesikia, na wa pili analidaka swali la wa kwanza na kulipeleka mbali zaidi. Lakini jibu zuri nalo linasikika na wote. Kama msimamizi wako ni mkali na umeshahojiwa mpaka ukazoea, nenda kwenye slaidi. Utaokota alama ambazo wengine wanazimwaga. Kama mbinu yako ina shimo unalolijua, kwa mfano ulipima visima wakati wa masika tu na hujui kiangazi inakuwaje, liseme mwenyewe kwenye slaidi ya mipaka ya utafiti. Jaji akiligundua yeye, gharama yake ni kubwa mno.

Kuhusu vifaa, chukulia kwamba kitu fulani kitagoma. Projekta nyingi za kumbi zetu zimechoka: njano juu ya nyeupe haionekani, buluu ya mbingu hugeuka kijivu. Tumia maandishi meusi na namba kubwa. Uliza kama projekta ni ya umbo la 4:3 au 16:9, maana slaidi pana kwenye projekta ya zamani husinyaa na kuacha mistari miweusi juu na chini. Weka nakala kwenye flashi, nyingine kwenye barua pepe, na moja ya PDF ambayo haitegemei toleo la programu. Kila slaidi ipe namba, ili jaji aseme "turudi ya sita" badala ya "ile yenye grafu, siyo hiyo, ile nyingine". Na umeme ukikatika, endelea kuongea. Majaji humkumbuka sana aliyemaliza gizani.

Dakika tatu

Mashindano ya kueleza tasnifu kwa dakika tatu, kwa Kiingereza Three Minute Thesis, yana asili inayojulikana. Yalianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakati jimbo hilo lilipokuwa na ukame mkali. Ili kubana matumizi ya maji, watu waliweka bafuni vipima muda vya dakika tatu, vile vya kuchemshia mayai, wasizidishe wakati wa kuoga. Profesa Alan Lawson, mkuu wa shule ya uzamili na uzamivu chuoni hapo, akapata wazo la kuwapa wanafunzi muda huohuo waeleze tasnifu zao. Wazo likaenea vyuo vya nchi nyingi.

Kanuni zake rasmi hazina huruma. Slaidi ni moja tu, isiyosogea. Hakuna video, hakuna rekodi ya sauti, hakuna kifaa cha kushika mkononi, hakuna vazi la maigizo. Ni maneno ya kawaida, si shairi wala wimbo. Ukivuka dakika tatu umetolewa. Toleo rasmi ni la wanafunzi wa utafiti wa ngazi za juu, hasa uzamivu, ingawa vyuo vingine huendesha la kwao kwa shahada ya kwanza, kwa hiyo soma tangazo la chuo chako kabla ya kujitosa.

Je, utafiti wa floraidi unaingia humo? Unaingia ukikubali kuukata. Ramani haiingii pamoja na chujio, chagua kimoja. Ukichagua chujio, mwanzo wako unaweza kuwa hivi:

"Maji ya kisima cha bibi yangu ni maangavu, hayana harufu, na ni matamu. Kila mjukuu aliyekulia pale ana meno ya kahawia."

Sentensi mbili, na mtu wa idara ya uhasibu tayari anasikiliza. Tatizo linakuja baadaye, pale unapolazimika kuacha vipimo, mwendo wa maji na jedwali lako zuri la makosa ya vipimo, na kubaki na jambo moja: mkaa wa mifupa unafanya kazi, unachoka, na hivi ndivyo familia itakavyojua kwamba umechoka. Kama moyo unakuuma kuviacha vile vingine, hii si njia yako. Na kama bibi yako hatoki Arumeru, usimpeleke huko kwa ajili ya mashindano. Kisa cha kubuni kinanuka kutoka mbali.

Ukipima kwa Kiswahili, maneno 300 hadi 350 yanatosha kwa mtu anayeongea kwa utulivu. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo usifuate mwongozo wa maneno uliopangwa kwa Kiingereza. Andika, soma kwa sauti, kata, halafu lenga kumaliza sekunde kumi na tano kabla ya muda, kwa sababu ukumbi ukicheka au ukipiga makofi katikati, sekunde hizo zinaliwa.

Ukilinganisha na slaidi, dakika tatu zinamlinda aliyechoka maswali: toleo rasmi hupima jinsi ulivyoeleweka na jinsi ulivyoushika ukumbi, na hakuna jopo la kukuchimba. Lakini hilo linamwumiza mwenye mbinu madhubuti. Kama fahari ya utafiti wako ni usahihi wa vipimo, au ulirudia jaribio ambalo wengine walilifanya ovyo, hapa hakuna atakayejua. Nimewaona watafiti hodari wakitoka mikono mitupu kwenye dakika tatu, na sikuona dhuluma yoyote hapo. Walikwenda uwanja usio wao.

Faida nyingine ni kwamba ukiumudu umbo hili linakufungulia milango nje ya chuo. Falling Walls Lab, ambayo fainali yake hufanyika Berlin mwezi Novemba kukumbuka kuanguka kwa ukuta wa mji huo mwaka 1989, nayo humpa kila mshiriki dakika tatu.

Meza

Meza ya maonesho nitaipitia haraka, kwa sababu uamuzi wake ni mwepesi: una kitu kinachofanya kazi au huna. Kama chujio lako linapitisha maji mbele ya macho ya watu na una kipimo cha kuonesha tofauti palepale, meza inayapita mabango yote ukumbini. Wiki ya Utafiti na Ubunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina maonesho ya namna hii, na mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Tanzania, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, yamesimama hasa juu ya vitu vinavyoonekana. Kama chujio bado linavuja, au linafanya kazi maabara tu, peleka bango na uweke picha. Kifaa kinachogoma mbele ya jaji hakina utetezi.

Jambo moja tu wengi hawaambiwi. Uvumbuzi ukishaoneshwa hadharani unaweza kupoteza sifa ya upya inayohitajika kupata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi (patent). Kama unadhani kuna haki ya kulindwa, zungumza na ofisi ya ubunifu ya chuo, kisha mamlaka inayosajili hataza, yaani BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya au URSB kwa Uganda, kabla ya kuweka kitu mezani. Mashindano yakishapita, nafasi hiyo huwa finyu.

Kwa jicho moja

| | Bango | Slaidi | Dakika tatu | Meza |
|---|---|---|---|---|
| Linabeba vizuri | ramani, picha, jedwali | mnyororo wa hoja, sauti | wazo moja | kitu kinachofanya kazi |
| Gharama kubwa | uchapaji | karibu hakuna | muda wa mazoezi | vifaa na usafiri |
| Umeme ukikatika | halina shida | unayumba | unaendelea | inategemea kifaa |
| Maswali | mengi, ya mmoja mmoja | machache, ya jopo | kwa kawaida hakuna | mengi, hata ya wapita njia |
| Mbinu ya utafiti | inaonekana | inaelezwa | inapotea | inaulizwa |

Ukiwa umekwama kati ya mbili

Bango na slaidi ndizo zinazowachanganya wengi. Kipimo changu: chukua tokeo lako kuu, mwoneshe mwenzako wa kozi nyingine ukiwa kimya kabisa. Kama ameelewa ndani ya dakika moja na ameuliza swali la maana, ni bango. Kama ameuliza "hii ni nini?" na ukalazimika kurudi nyuma hatua tatu, ni slaidi.

Slaidi na dakika tatu: jaribu kusema matokeo yako bila kutaja neno lolote la fani. Ukiweza, na bado yakabaki kuwa kweli, dakika tatu zinakuita. Ukiweza lakini yakageuka uongo mdogo, kama "tumemaliza tatizo la floraidi", baki kwenye slaidi ambako una nafasi ya kusema "lakini".

Kwa kazi za kikundi, ambazo ni nyingi kwenye uhandisi na afya ya jamii, bango au meza ndiyo salama. Mnapokezana kusimama, mmoja anaeleza vipimo, mwingine anaeleza jamii. Slaidi zikigawanywa kwa watu wanne kila mmoja huja na utangulizi wake na salamu zake, na dakika mbili zinaishia kwenye kupokezana kipaza sauti. Dakika tatu ni za mtu mmoja, na mara nyingi kikundi hugombana kuhusu nani huyo.

Lugha nayo ina uzito wake. Kwenye bango unaweza kuandika kwa Kiingereza cha kitaaluma na kumweleza mgeni kwa Kiswahili bila shida. Kwenye slaidi, kuchanganya lugha huonekana kama hukujiandaa, isipokuwa waandaaji wameruhusu. Kwenye dakika tatu, kama kanuni zinaruhusu Kiswahili na ndiyo lugha unayoiota, usijitese. Mashindano ya kitaifa ambako wananchi wa kawaida hupita mezani, Kiswahili ndicho kitakachofanya kazi, na maneno ya fani yaliyofasiriwa vizuri yatakupandisha juu ya aliyeyameza kwa Kiingereza.

Kitu cha mwisho kabla ya kutia tiki ni ruhusa. Picha za meno ya watoto kwenye bango zitakaa hadharani siku nzima, zitapigwa picha na kusambaa. Kwenye slaidi hupita, ingawa simu ziko kila mahali siku hizi. Njia yoyote utakayoichagua, uwe na kibali cha maadili ya utafiti na ridhaa ya wazazi, na ufiche nyuso. Kwa bango hakikisha mara mbili.

Halafu piga simu kwa sekretarieti ya mashindano uulize mambo ambayo tangazo huwa haliyasemi. Je, fomu ya alama ni moja kwa njia zote, au kila njia ina yake? Kama ni moja, na nusu ya alama ni za mbinu, ondoa dakika tatu kwenye hesabu. Je, majaji wanapewa muhtasari wako mapema? Kama hawapewi, bango lako linahitaji utangulizi kidogo zaidi. Je, mtu mmoja anaruhusiwa kuingia njia mbili? Vyuo vingine vinaruhusu, na hapo ramani iende kwenye bango, chujio liende mezani. Na ubao wa kubandikia ni wa wima au wa mlalo? Hilo liulize kabla ya kwenda steshenari, maana bango la mlalo kwenye ubao mwembamba hukunjwa pembeni, na pembeni huko mara nyingi ndiko yalikokaa matokeo.